Ukoko Kwenye Pistoni

Chunya, 11 Machi 2024

Mjomba Gwakisa,

Shikamoo. Vipi miguu, na baridi ya Iringa? Sisi huku wazima, ila vumbi tunalila kama mboga. Barua hii nimempa dereva wa basi. Mambo ya bunduki kwenye simu sitaki.

Semi yangu ya lindo, ile inayojipakia risasi yenyewe, inanitia aibu. Jumamosi tulikwenda shabaha na walinzi wenzangu wa mgodini, mita mia. Nne za kwanza zote unazifunika kwa kiganja. Ya tano, ganda likakwama. Nimeipaka mafuta mpaka yanachuruzika, wapi!

Lakini hilo dogo. Juzi wakubwa wa kambi ya askari wa wanyamapori waliifungua bunduki ya marehemu kaka Rabson mbele yangu na mama. Mtutu unang'aa kama kijiko cha dukani. Walipotoa pistoni, ile inayosukumwa na moshi wa risasi ili bunduki ijipakie, ukoko mtupu! Kama chini ya sufuria ya wali. Ndiyo maana kaka alipiga moja tu, ya pili ikagoma, majangili wakammaliza. Na daftari la ghala limeandikwa "imesafishwa", sahihi ya Liberatus, mtunza silaha, mwanafunzi wako mwenyewe.

Niambie: ukoko wa kukwangua kwa kisu ni wa wiki au wa miezi? Ukishanijibu nitajua namfanya nini yule mshenzi.

Mpwa wako,
Aroni


Iringa, 20 Machi 2024

Mjomba wangu Aroni,

Marahaba. Miguu inauma lakini inatembea. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Nani alikufundisha kupaka mafuta namna hiyo huko Chunya? Mafuta na vumbi si matope hayo? Futa yote. Paka tone moja pale panaposuguana, kisha pangusa mpaka uone kama hukupaka kitu. Na springi ya magazini ikishachoka badilisha, usiionee huruma. Bunduki haina shukrani, mwanangu, ukiisahau na yenyewe inakusahau.

Kuhusu ukoko: huo ni wa miezi. Mingi.

Liberatus asipate usingizi. Mtu anayetia sahihi silaha asiyoifungua ni muuaji, hata msibani asipewe kiti. Mtoto wa dada yangu amekufa ameshika chuma kilichokufa kabla yake! Nitaandika maelezo ya kitaalamu, miaka thelathini na moja nimefundisha askari wa wanyamapori, hakuna wa kunibishia. Twende naye mpaka mwisho. Ila wewe usiende kuongea naye. Ana mdomo laini yule, atakulainisha.

Msalimie mama yako, dada yangu Tusekile, mwambie nalia naye.

Mjomba wako,
Gwakisa


Chunya, 8 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini miguu imepoa.

Ndaga fijo, asante sana! Nimefuta mafuta, nimebadilisha springi. Risasi thelathini, hata moja haijakwama. Walinzi wenzangu sasa wananiita fundi, na mimi nimelikubali jina.

Na Liberatus nimeanza naye. Kambini wameshamfukuza, karudi Iringa kwa mkewe Bertha anayeuza viazi sokoni. Nimempigia mzee wa kanisa lao nikamweleza damu ya kaka iko wapi. Wamemtoa kwenye kwaya. Wateja wa Bertha nao wanapita meza yake kama hawaioni. Mama aliposikia alisema, "Watoto wake wamekosa nini?" Nikamwambia na sisi tulikosa nini?

Bado haijanitosha. Nataka nimwone machoni. Nakuja Jumatano ya wiki ijayo. Semi naiacha Chunya kwa sababu sijiamini, mjomba. Nikiwa nayo, siku hiyo nitaua mtu.

Mpwa wako,
Aroni


Iringa, 22 Aprili 2024

Aroni,

Hujambo? Nyumbani salama?

Barua yako dereva aliizungusha, nimeipata Alhamisi, siku moja baada ya wewe kuja. Nasikia watu walikuona sokoni. Tangu lini mpwa anafika Iringa asile kwa mjomba wake? Nimeona haya mbele ya majirani.

Nilikukataza kuongea naye. Amekuambia nini? Maelezo ya kitaalamu nimeshayaanza, kurasa tatu. Usiniharibie kazi.

Mjomba wako,
Gwakisa


Chunya, 29 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Sikuja kwako kwa sababu chakula kisingepita.

Nilimkuta Liberatus anamenya viazi. Hakukimbia. Nikamwambia, nionyeshe ulivyokuwa ukisafisha. Akachukua fimbo ya ufagio ikawa ndiyo mtutu, akanionyesha kila kitu: kitambaa, mafuta, kitambaa tena, kisha akachungulia. Basi, akaiweka chini. Nikamuuliza, na pistoni? Akanishangaa kabisa. Akasema, "Pistoni haiguswi. Mwalimu alikataza. Alisema ukiifungua utapoteza pini, na mkaguzi hachungulii huko. Mtutu ukicheka, mkaguzi anacheka."

Mjomba, maneno hayo yana mwenyewe. Nimeyasikia sebuleni kwako tangu sijaota ndevu, ukiyasema tunavunjika mbavu. Na mimi nikicheka! Sikujua tunacheka nini.

Ulifundisha hivyo, hukufundisha? Nijibu neno moja tu.

Mpwa wako,
Aroni


Iringa, 3 Julai 2024

Mwanangu Aroni,

Hamjambo huko? Nimekaa miezi miwili na kalamu mkononi.

Nilifundisha.

Vijana walikuwa wanapoteza pini porini, na pini moja ilichukua miezi kufika. Kila ikipotea, barua ya karipio inakuja kwangu. Nikaona bora wasifungue. Wakaguzi waliridhika, nikapewa cheti, kipo ukutani, umekiona. Bunduki yangu mwenyewe nilikuwa naifungua kila Jumapili.

Na la pili nalisema kwa sababu nimechoka. Uliponiandikia neno ukoko, nilijua siku ile ile. Nikaona heri Liberatus abebe, ni kijana, atasimama tena. Mimi ni mzee, jina ndilo nililobaki nalo. Kwa hiyo nikakuchochea.

Nifanye nini, mjomba wangu? Niambie, nitafanya.

Mjomba wako,
Gwakisa


Soweto, Mbeya, 12 Julai 2024

Gwakisa,

Nimekaa na barua yako siku nne nikitafuta huruma. Sikuiona.

Kosa la kufundisha vibaya labda ningelimeza. Watu wanakosea. Lakini uliniacha niwanyime watoto wa Liberatus chakula kwa mikono yangu, wewe ukinipigia makofi. Hata kabla hujanijibu nilirudi kwa yule mzee wa kanisa, nikasimama mbele ya kwaya nzima nikasema nilichofanya. Nimepita sokoni meza kwa meza. Kuna waliorudi kwa Bertha, kuna ambao hawatarudi tena.

Liberatus ana lake, sahihi ni yake. Amekuja hapa Soweto, nyumbani kwa mama, akampigia magoti, akalisema mwenyewe. Mama alilia, kisha akampa chai.

Jumapili ijayo mchungaji anakuja kuweka msalaba kwenye kaburi la kaka. Liberatus nimemwalika, atasimama na familia. Wewe usije. Kurasa zako tatu ziandike upya, useme ulivyofundisha, nenda nazo kwa wale uliowafundisha, uwasomee, wafungue pistoni zao zote. Wasipozifungua nitakwenda mimi na barua yako.

Mama bado hajui. Anazunguka na orodha ya watakaoshika msalaba, ananiuliza mbona kaka yake wa tumbo moja hayumo. Sitamwambia, wala sitakufichia. Nimemjibu kwamba utamwandikia mwenyewe. Humu ndani nimekuwekea karatasi, na bahasha nimeshaiandika jina lake.

Anaisubiri.

Aroni