Vituko vya Bashasha

12 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko kambini? Sisi wazima, ila goti langu linanisumbua nikikaa sana kwenye cherehani.

Jana nilikutazama kwenye televisheni ya saluni kwa jirani. Ulipofunga lile bao, mteja mmoja alinyanyuka na povu kichwani! Ukakimbilia mashabiki wa wapinzani, ukawakatikia kiuno, ukawapigia saluti. Watu hoi kwa kicheko. Mtangazaji akasema, "Huyo ndiye Bashasha, kipenzi cha watu!" Nami nilicheka, mpaka nahodha wenu alipokushika jezi akakugeuza, akakuonyesha upande wa mashabiki wenu. Hapo nikaiona sura yako. Ulikuwa umepotea, mwanangu. Je, ni kile kiwiko cha kipa kilichokupiga kichwani mechi iliyopita?

Nijibu upesi.

Mama yako

20 Machi

Shikamoo mama,

Mimi mzima kama chuma. Goti lako vipi?

Nawe mama kwa wasiwasi! Zile mbwembwe tu. Siku hizi watoto wananingoja getini wamejipaka rangi nywele kama zangu. Jumapili nilimbusu refa kwenye upara akitoa kadi, uwanja ukalipuka! Asubuhi kichwa kinaniuma kidogo, ni jua hilo. Daktari wa timu sijamwambia, ataniweka benchi bure na nusu fainali imekaribia. Nikikaa benchi, nani atawachekesha?

Halafu sijakusimulia: Jumapili nilimbusu refa kwenye upara! Uwanja ukalipuka. Goti lako vipi, mama?

Kitindamimba wako

27 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Katika barua moja umeniulizia goti mara mbili. Habari ya refa umenipa mara mbili, na mara ya pili kama ndiyo kwanza unaanza. Nimemwonyesha dada yako, akacheka: "Mama, si unamjua Bashasha?"

Namjua. Ulipokuwa mdogo ukivunja kikombe, ulinichezea ngoma hadi nasahau kukuchapa. Ndiyo maana naogopa. Mwambie daktari kabla ya hiyo nusu fainali. Na tafadhali, usinijibu kwa mzaha.

Mama yako

9 Aprili

Mwanangu,

U salama? Barua hujajibu, simu hupokei.

Mechi nimeiona. Hakuna aliyekugusa, ukaanguka chali, mikono umeitandaza. Uwanja mzima ukakupigia makofi, wakingoja kituko. Saluni nayo ikacheka. Mimi nikasimama nikapiga kelele, "Mwinueni mwanangu!" Mwenye saluni akanishika bega: "Tulia mama, ndiyo zake hizo." Ukatikisa mguu mmoja hewani, wakashangilia zaidi. Wakakutoa, likaja tangazo la sabuni. Baada ya hapo sijui kitu.

Niandikie hata neno moja. Hata la mzaha.

Mama

18 Aprili

Shikamoo mama,

Niko hospitali. Usilie. Simu wamenikataza, na barua hii naiandika vipande vipande, muuguzi amenifungia pazia kwa sababu ya mwanga.

Pale chini nyasi zilikuwa zinazunguka. Nikasikia makofi, nikaona haya kuwaacha hivi hivi, ndipo nikatikisa mguu. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nahodha akaniuliza, "Matokeo ngapi ngapi?" Nikamwambia, "Muulize refa, ndiye mchumba wangu." Wote wakacheka isipokuwa yeye. Akaniuliza tena, taratibu. Nikakumbuka ulivyonisihi, nikasema, "Sijui, kaka. Hata huu mji tulipo sijui unaitwaje."

Wakanyamaza wote. Mama, sijawahi kuwanyamazisha watu.

Daktari anasema ubongo umetikisika, na si mara moja. Mpira basi mwaka huu. Baada ya hapo hata yeye hajui. Mashabiki walikuja chini ya dirisha wakiimba jina langu. Muuguzi akasema nikawapungie mkono tu. Sikwenda. Niliogopa nitaanza kucheza.

Jumanne naletwa nyumbani. Majirani usiwaambie. Nataka nishuke garini nimenuna, mama, na mtu asicheke.

Mwanao