Bei ya kunyoa kwa Jean-de-Dieu

Eulalie, uko wapi? Jibu! Bamepiga Jean-de-Dieu. Juu yangu mimi, kosa ni yangu!

Ule coiffeur wa Nyalukemba mwenye naulizaka bei ya kunyoa kila mwezi. Unajua kazi yetu: salon ileile, swali lilelile, ndio bureau ya statistique ipime kama bei inapanda.

Nimeingia, nakuta mutu wa bunduki ku kiti, amemaliza kunyolewa. Mimi mujinga nikauliza Jean-de-Dieu tu: "Papa, leo kunyoa ni ngapi?"

Jean-de-Dieu akajibu polepole: "Elfu tatu, maman."

Eulalie! Ule mutu akasimama, kitambaa bado iko ku shingo, akamugeukia Jean-de-Dieu: "Unatuma mwanamuke aniombe pesa?" Akamupiga kitako cha bunduki mu kinywa. Tena. Tena! Damu mpaka ku kioo. Nikalia nguvu: "Ni enquête ya kuuliza bei tu! Ni ya statistique!"

Akanigeukia: "Basi andika bei ni bure."

Nikaandika. Eulalie, niliandika!

Jean-de-Dieu alikuwa chini, anatema meno.

Nimeita chef wetu wa bureau ku simu. Hakuuliza hata kama mutu iko muzima. Anasema: "Système ya ordinateur inakataa bei ya zero. Kesho rudi, umuulize tena."

Atanijibu kwa kinywa gani?