Milango ya Mawe ya Kaka Kamugisha

Temeke, 9 Agosti 1943

Shikamoo Shangazi Kokushubila,

Mama hajambo, na kuku wetu mweusi ameangua vifaranga saba. Mtihani wa hesabu nimefaulu.

Kaka Kamugisha alituandikia kutoka jeshini kwamba wanatembea jangwani kwa miguu, juu ya mawe makali, wakipita chini ya miamba ya mchanga iliyotobolewa na upepo kama milango mikubwa. Mama hupenda nimsomee hapo kila Jumapili. "Mwambie asitembee mno," husema. "Viatu vya serikali vikiisha, havioti."

Mwezi wa tano rafiki yake aliniandikia kwamba Kaka alianguka kwenye mlango wa tatu, wakamzika hapohapo. Kwetu mtoto hampi mzazi habari ya msiba, na tangu Baba afariki hatuna mkubwa hapa. Basi namsomea Mama barua ninazotunga mwenyewe. Kaka ameshapita milango kumi na mmoja. Nimechoka, Shangazi, kama ninayetembea ni mimi.

Jana Mama aliuliza, "Imebaki mingapi hata afike nyumbani?"

Tafadhali panda meli hapo Bukoba, kisha gari moshi, uje umwambie. Nimemjibu kwamba umebaki mmoja.

Mwanao,
Gozbert