Egemeo la Mahfudha

Mbagala, 4 Februari 2025

Binti yangu Maliha, muuzaji wa duka la vipuri, Tegeta,

Salaam. Natumai hujambo na wateja wanakuja. Sie tupo, ila mke wangu Mahfudha bado mkono na mguu wa kulia ni mizito tangu apate kiharusi. Lile egemeo la abiria la nyuma ya pikipiki, nililonunua dukani kwenu ukanitumia, halikai. Matundu yake hayakutani na ya keria yangu, kile chuma cha nyuma ya kiti. Fundi wa mtaani akasema tulifunge kwa waya. Mahfudha akamsikia. "Mie si gunia la mkaa," akasema, akarudi ndani. Sasa hataki kabisa habari za kupanda. Akienda mazoezini, majirani wanambeba mpaka kwenye bajaji, na kila wakimbeba anafumba macho. Nisaidie.

Babako, Awadh

Tegeta, 4 Februari

Shikamoo baba. Poleni sana, na mama mpe pole yangu. Kosa ni letu, tumekutumia la pikipiki ya aina nyingine. Usikubali mtu atoboe chochote. Nipigie picha za keria, nyuma na ubavuni. Halafu samahani nikuulize: mama akikaa kitini, anaelemea upande gani? Mwambie dukani kwetu abiria hafungwi kwa waya.

Mwanao, Maliha

Mbagala, 6 Februari

Binti yangu, umeamkaje? Picha hizo hapo. Anaelemea kulia. Nilimsomea ujumbe wako, akageukia ukutani. Nikaona mabega yanatikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka, na sikuthubutu kumuuliza.

Babako, Awadh

Tegeta, 7 Februari

Shikamoo baba. Usihangaike kulirudisha. Jumapili nakuja mwenyewe na fundi wetu Wilbert. Anatengeneza jingine, lina mkono wa kuegemea upande wa kulia. Mama asipike, tunakuja kufanya kazi.

Mwanao, Maliha

Tegeta, 26 Februari

Baba, shikamoo. Mama anaendeleaje? Tangu tuondoke kwenu naona kimya. Siku ile mama alilipapasa egemeo, akasema "tutaona," basi. Mzee Burhan mwenye duka ananiuliza kila asubuhi. Kama linamuumiza mahali, sema tu, tutarudi.

Mwanao, Maliha

Mbagala, 1 Aprili

Maliha mwanangu,

Idi njema kwako na wote nyumbani. Kimya changu unisamehe, sikuwa na la kukwambia. Pikipiki ilikaa barazani, egemeo limefunikwa kanga, na mie sikumsukuma.

Jana bajaji ikaja kumpeleka kwa dada yake, Charambe. Majirani wakasogea kumbeba. Akamwambia dereva, "Wewe nenda tu, baba." Akashika ukuta, akatoka taratibu mpaka barazani, akaivuta ile kanga. Akanitazama. "Helmeti yangu iko wapi?"

Mguu wa kulia nilimsaidia kuupandisha. Uliobaki ni wake mwenyewe.

Nikaendesha polepole, kila shimo nalikwepa. Tulipofika sokoni nikasikia kofi mgongoni.

"Awadh! Umebeba mayai?"

Sauti yake haijanyooka bado, lakini sikupoteza hata neno. Mwanangu, tangu augue mke wangu hajanigombeza. Nikimpa maji, asante. Nikimfunika shuka, asante. Kama mgeni ndani ya nyumba yake. Nililia ndani ya helmeti, pale pale, watu wamevaa nguo zao mpya za sikukuu.

Nikaongeza mwendo.

Babako, Awadh