Sabuni Kwenye Kitasa cha Baba

Baba Watoto,

Chakula kipo jikoni. ~~Kipashe moto.~~ Kile hivyo hivyo kilivyopoa.

Usiliguse tena lile kabati la kompyuta ya marehemu baba yangu. Asubuhi nimekuta tundu la kitasa limejaa sabuni ya kuogea, na unywele wa mvi umechomoza. Nimeona kinyaa hadi chai ikanishinda. Eti ulikuwa unachukua umbo la ufunguo. Umbo huchukuliwa kwenye ufunguo, mwenzangu, na ufunguo ndio uliopotea.

Nilikwambia vitasa vya zamani vina namba usoni, fundi akiisoma anachonga ufunguo. Naenda kuinakili, kumbe umeshapasugua kwa msasa, eti unatoa kutu. Namba hakuna, panang'aa kama sahani.

Bahati yako nimekiokota sakafuni kipande cha sabuni ulichokigandamiza pale kabla ya msasa. Namba imejichapa humo kinyumenyume, na mvi nyingine juu yake. Nimekifunga kwenye leso yangu safi, nampelekea fundi.

Akiuliza mvi ni ya nani, nitasema simjui mwenyewe.

~~Mkeo~~
Mama Watoto