Mchezaji Wenu

Buyenzi, Jumanne

Maneno mawili tu, nami niliyaweka kwa adabu. Mkataba wa Idi, mtoto wa dada yangu, uliisha mwezi uliopita. Timu ya Kigoma ilimtaka, lakini klabu yake ya hapa ilidai fidia ya kumlea kisoka kabla ya kumwachia. Niliwaandikia kwamba mkataba ukiisha, mchezaji ni huru.

Leo katibu wao amenicheka. "Muzee, si umeandika mwenyewe 'mchezaji wenu'? Basi ni wetu!"

Jioni usajili wa Kigoma umefungwa bila jina la Idi.

"Haiko kitu, mujomba," Idi aliniambia, akivaa tena ovaroli ya gereji. "Barua yako ilikuwa ya muzuri."

Nimeisoma nakala yake tena. Ni nzuri kweli. Laiti ningaliiandika vibaya.