Mabawa ya Shekhe Matambara

Nguvumali, Tanga
20 Mfunguo Pili 1375 (29 Juni 1956)

Kwa dada yangu mpenzi, Mwatumu binti Shekhe, Moa.

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa, si umelala, na kifua chako kimetulia tangu baridi hii ya kusi ianze. Shemeji Shehe naye mguu umeponaje? Na yule mbuzi wako mweupe, mtoro, amerudi au mmeshamwandikia talaka? Mimi huku ni mzima wa afya, sina ila ila ya kukosa mkate wako wa kumimina. Mchumba wangu Saleha na mama yake wanakusalimu sana, na mama yake ananituma nikuambie kwamba ukumbi wa harusi wameshaupaka chokaa.

Utaona nimeandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu. Si kwamba za skuli nimezisahau. Nataka uisome mwenyewe, mlango umeurudisha, wala usimpe Shemeji aisome kwa sauti barazani kama apendavyo. Ukifika mwisho utajua sababu, na hapo ukitaka kuirarua, irarue.

Katika barua yako umeniuliza mambo matatu. La kwanza, kama ninakula. Ninakula. La pili, kama ni kweli nafunga duka siku ya kazi kwenda Muheza kukata mikonge kama mwendawazimu. Si kweli, ilikuwa Ijumaa alasiri, na waliokuletea habari hiyo waambie wahesabu siku zao vizuri. La tatu, kama dobi amekwisha kukifua kilemba cha baba na kukipiga pasi kwa ajili ya harusi. Hilo nitalijibu, wala sitalikwepa, lakini lina pahala pake.

Kwanza habari yenyewe. Dada, nimeunda ndege, nayo imeruka. Si ya karatasi, si tiara ya uzi. Ni ndege ya injini, mabawa yake toka ncha hadi ncha ni kama mkono wako mzima, inaunguruma mpaka mbwa wa Nguvumali wakakimbia. Sema mashaallah kabla hujaendelea.

Mambo yalianza mwezi wa Rajabu. Rafiki yangu Timotheo, yule Mbondei fundi wa karakana katika shamba moja la mkonge, alikuja dukani na sanduku alilolinunua mnadani, mali ya mhandisi aliyerudi kwao Ulaya. Alidhani ndani mna saa. Kumbe mna injini ndogo, si kubwa kuliko yai la bata, imeshikana kutu, pamoja na kitabu cha picha za ndege za kuchezea. Zana za kutengeneza saa ninazo, na mikono hii unaijua. Kwa siku tisa niliifungua, nikaisugua, nikaifunga, mpaka pistoni ikapanda na kushuka kama pumzi ya mtoto. Mwenyewe Mzungu aliiacha kuwa mbovu. Mimi sikuiacha.

Basi ikawa kila jioni Timotheo anafungua kitabu, ananisomea Kiingereza chake cha misheni, na sisi tunachagua kana kwamba tuna fedha. Yeye alipenda ile isiyo na mabawa, yenye panga kichwani kama pangaboi la hoteli, iitwayo helikopta. Nikamwambia ile ni ya watu wenye subira na wenye mali, maana kila kijino chake lazima kiagizwe, na kikivunjika kimoja zote ni kazi bure. Ipo pia inayoongozwa kwa redio: mtu anasimama chini na kisanduku, ndege iko juu peke yake, inamtii. Hiyo, sikufichi, niliitamani hata usingizi ukanipaa. Nikauliza bei ya valvu zake na betri, nikafunga kitabu. Ikabaki ndege ya nyaya mbili: mtu anasimama katikati ameshika kishikio, ndege inamzunguka, akivuta waya wa juu inapanda, akivuta wa chini inashuka. Maskini hachagui, lakini fundi huchagua, na mimi nikachagua hiyo kwa sababu kila kilichomo ningeweza kukitengeneza kwa mikono yangu.

Ndipo siku moja Timotheo akafunua ukurasa wenye picha ya ndege kabla haijavishwa. Dada, niliona mifupa yake. Vijiti vyembamba, safu kwa safu, na pembeni kipande cha kitambaa na kopo la dawa ya kukipaka. Nikapitisha kidole juu ya kila kijiti mpaka Timotheo akaniuliza kama naumwa.

Haya unayajua kuliko mimi, lakini niache niyaandike, maana sijapata kuyaandika. Baba alipochukuliwa upagazi katika vita vya Mjarumani, alirudi Moa na hadithi moja tu. Alisema walipiga kambi penye eropleni iliyoanguka, mvua ikanyesha, yeye akalala chini ya bawa lake, na alipolipitishia mkono akakuta ni vijiti na kitambaa, kitambaa kilichopakwa dawa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Moa nzima ikamcheka. Watu wazima walimwuliza mtu atachukuliwaje angani na shuka. Na siku hizi zinapopita ndege za bati zinang'aa, ndiyo wakazidi kuona kwamba mzee alikuwa muongo. Msafiri, yule muuza ng'onda, samaki wakavu, ndiye aliyempa jina la Shekhe Matambara, na jina likamshika mpaka kaburini. Wewe ulipigana kisimani kwa ajili ya jina hilo mpaka jino likakatika, na hata leo ukicheka unaziba mdomo kwa leso.

Tangu siku ya ile picha sikuunda tena mchezo. Nilikuwa nafanya kazi ya baba.

Sasa sikiliza vifaa. Kitabu kinataka mti mwepesi wa nchi za mbali, ambao Tanga haupo. Nikajaribu msufi, ukawa mzito. Nikajaribu mianzi, ikapinda. Ndipo Timotheo akakumbuka ule mlingoti mrefu unaochipuka katikati ya mkonge uliozeeka. Ukikauka hata kuni hauwi, maana hauna uzito wa kuni, lakini ukiuchonga kwa wembe unakubali kila umbo. Hiyo ndiyo sababu ya kwenda Muheza, na waliocheka waambie mti ambao Mzungu anaununua kwa meli, Mungu ametuoteshea sisi shambani bure. Gundi ni ile ya kuzibia mipira ya baiskeli. Waya nilijaribu mshipi wa kuvulia, ukavutika, ndege ingekuwa Horohoro mimi bado nangoja inisikie, kwa hiyo nikanunua waya wa chuma. Mafuta ya injini ni ya taa, na ya mbarika, na etha ya kulaza wagonjwa, ya duka la dawa, ambapo Mhindi mwenye duka aliniuliza mara tatu ninampasua nani.

Nikaivisha marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, kwa kuwa ndiyo rahisi. Tukaipeleka uwanjani. Injini ikanguruma vizuri, lakini ndege ikakimbia chini tu kama kuku aliyenyeshewa, haikuinuka hata kimo cha kiatu. Marekani ni nzito, na ukiipaka vanishi inazidi. Kitabu tangu mwanzo kilisema hariri, nami nilijifanya sikusikia. Nikaivua marekani yote. Nikaivisha hariri. Nimeipata wapi, ngoja.

Jumapili iliyopita tukatoka asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Uwanja ukajaa watu, maana Timotheo mdomo wake hauna mlango. Nikazungusha panga. Kimya. Nikazungusha tena, kidole kikachubuka, kimya. Watu wakaanza kuguna, kisha kucheka. Na nani yuko mbele, ameshuka toka Moa kuuza, kapu la ng'onda kichwani? Msafiri. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba huyu ni mwana wa Shekhe Matambara, na mwana wa nyoka ni nyoka. Miaka kumi na miwili nipo Tanga, dada, na hakuna mtu mjini hapa aliyewahi kulisikia jina lile.

Unajua kosa lilikuwa nini? Kosa lilikuwa wewe. Umenilea kwa mafuta ya nazi: bawaba ya mlango, mafuta ya nazi, cherehani, mafuta ya nazi, kichwa changu mimi Uweso, mafuta ya nazi. Basi jana yake, nikiogopa kutu ya hewa ya bahari, nikaipaka injini mafuta ya nazi mpaka ndani ya kijitundu ambamo hupita mafuta yake, kijitundu chembamba kuliko sindano ya mkono. Na asubuhi ile ya baridi yakaganda, meupe, kama yanavyoganda chupani kwako. Nilipoyaona nilicheka peke yangu mbele ya watu wote, wakadhani akili imeruka badala ya ndege. Nikakifungua kipande chenye kijitundu kile, nikakipasha moto kwenye makaa ya muuza kahawa, nikakifuta, nikakirudisha.

Mzungusho wa pili ikalia. Timotheo akaishika mkia, mimi nikaenda katikati nikashika kishikio, nikamwinulia mkono, akaachia.

Ikaruka. Nyaya zikakaza mkononi mwangu kama samaki mkubwa amekula chambo. Ilinizunguka mara kumi na moja, juu ya vichwa vya watu, na jua likapita ndani ya mabawa mpaka kila kijiti kikaonekana. Nilikuwa nalia na kuzunguka, nazunguka na kulia. Mafuta yalipokwisha ikashuka yenyewe kwenye majani, haikuvunjika hata gurudumu.

Watu wakanivamia. Lakini Msafiri hakunijia mimi. Alitua kapu lake, akachutama penye ndege, akapitisha mkono juu ya bawa, polepole, tangu shina hadi ncha. Akaligonga kwa ukucha, likalia kama kigoma. Akaniangalia, mzee mzima, macho yamemtoka.

Akasema, "Kumbe ni kitambaa."

Dada, maisha yangu yote nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumwambia mtu yule, na sikuona haja ya hata moja. Niliona inatosha.

Sasa kitambaa.

Ulipokitoa kilemba cha baba sandukuni siku ya Idi ndogo, kinanukia udi, ukanipa mikono miwili nikivae siku ya harusi, uliniambia neno ambalo halijanitoka. Uliniambia, "Hiki ndicho kitu pekee cha baba ambacho hakuna aliyekicheka." Nikakuapia nitakitunza. Dobi hajakiona kilemba hicho, dada. Nimekikata. Hariri iliyo juu ya mabawa ni kilemba cha baba.

Nisikudanganye kwamba ni ufukara. Ni kweli hariri ya dukani sikuimudu, lakini ningeweza kungoja, hata mwaka. Sikutaka. Nilikitandaza mezani asubuhi, nikakitazama, mkasi mkononi, mpaka adhana ya adhuhuri. Nilipoanza kukata nilisoma Fatiha. Kama ni dhambi, ni yangu peke yangu, Timotheo hakujua ni kitambaa cha nani mpaka nilipokwisha.

Na lipo jingine, ambalo ni zito kwangu kuliko kilemba. Siku ile ulipopigana kisimani, mimi nilikuwepo, nyuma ya ukingo, na watoto wengine. Walipoimba jina la baba, niliimba nao. Niliogopa wasiniimbie mimi. Ulirudi nyumbani mdomo unavuja damu ukanikuta mlangoni, ukanifuta machozi ukidhani nalia kwa kukuhurumia. Nilipokuja mjini nikajiandika Uweso Moa, juu ya ubao wa duka na kila karatasi, ili jina la baba lisinifuate. Nisamehe, dada. Kilemba ukipenda usinisamehe, lakini hili nisamehe.

Harusini nitavaa kofia yangu ya viua, na Saleha nimeshamwambia sababu. Alisema mwanamume yeyote anaweza kuvaa kilemba. Kipande kilichobaki, chenye nakshi ya pindo, nimekikunja humu ndani ya barua. Bado kinanukia udi.

Siku ya pili ya Idi kubwa tutakuja Moa, mimi na Timotheo na ndege, tutapanda lori la Horohoro. Ruhusa ya uwanja wa ngoma nimeiomba kwa Shemeji katika barua nyingine niliyomwandikia, na Msafiri mwenyewe ameahidi kuwakusanya watu. Amesema ana deni la maneno. Wakishajaa, utasimama wewe katikati. Kishikio utakishika wewe. Nitakufundisha, si kazi kubwa, ni kama kuvuta kamba ya ndoo kisimani. Na ukitaka kucheka siku hiyo, dada yangu, leso iache nyumbani.

Nisalimie Shemeji Shehe, na majirani wa mkono wa kulia na wa kushoto, na mbuzi akirudi. Ukizuru kaburi Ijumaa, mwambie baba mwenyewe, maana maneno yako atayapokea kwanza. Dua zako nazihitaji kuliko siku nyingine zote.

Ukinijibu, juu ya bahasha usiandike tena Uweso Moa. Andika hili hapa chini. Posta nimekwisha kuwaarifu.

Ni mimi ndugu yako uliyemlea,

Uweso wa Shekhe Matambara